Herufi za gothiki kwenye kioo cha tuktuk: uzuri upo, kusomeka hakuna

Kioo cha nyuma cha tuktuk yangu kimeandikwa kitu ambacho hata mimi niliyekilipia sikisomi.

Nilitaka "Nimwamini nani". Kila dereva wa Kongowea anajua machungu ya maneno hayo. Mvua zilipokuwa zinaisha nikaenda kwa vijana wa stika pale Mwembe Tayari, nikachagua zile herufi nene zenye ncha, wanaziita Old English. Kwenye simu ya kijana zilipendeza, wallahi. Hata New York Times hadi leo hulibeba jina lake kwa herufi za ukoo huo.

Sasa tazama. Katika mtindo huu n, m na i zote hujengwa kwa kijiti kimoja kile kile cha wima, vimebanana. Kipande cha "mini" peke yake ni vijiti 7 bega kwa bega! Kinachookoa ni nukta ya i na vile viuzi vyembamba vinavyounga. Waandishi wa kale wa Ulaya waliitia i alama juu kwa sababu hiyo hiyo, isimezwe na jirani zake. Basi kijana wetu, plota, ile mashine ya kukata stika, ilipomaliza kazi, akang'oa mabaki na nukta zote nne akaenda nazo, na viuzi nusu. Akabandika hivyo hivyo. Kilichobaki ni nyumba ya fito kabla haijakandikwa.

Nikamwita. Hakutoa hata vidude vya masikioni.

"Ami, wanaoelewa wataelewa."

Nikamwambia, haya, soma wewe. Akasoma. Kutoka kwenye simu! Kisha akasema wazee kama mimi tuandikiwe Arial, zile herufi za kawaida za kompyuta.

Hapo nilikuwa tayari kusema mtindo wenyewe ni takataka. Lakini Gutenberg, yule mchapaji wa kale wa Ujerumani, alichapa Biblia yake kule Mainz, mwaka 1455 hivi, kwa herufi za namna hii, na Wajerumani wakaendelea kusoma vitabu vya herufi za ukoo huo hadi serikali ya Hitler ilipoamuru mwaka 1941 ziachwe. Kwa hiyo kosa si la herufi. Au ni la herufi pia, maana wale walisoma karatasi mkononi, wametulia; mimi nasomwa na mtu wa matatu anayenipita daraja la Nyali.

Na ile N kubwa ya mwanzo, nisimkosee Mungu, ni nzuri mno. Ina tumbo, na ndani ya tumbo viuzi viwili vyembamba vilivyosalimika sijui vipi. Mama mmoja wa Kisauni aliipapasa kwa kidole kabla ya kupanda. Jina fupi, herufi moja kubwa mbele, hapo ningelipa tena. Kwa fundi mwingine.

Mtindo naupa nyota nne. Hapana, tatu. Kijana hata moja hapati, na ile mia mbili ya kubandika anayosema ananidai, aje aichukue stejini mbele ya watu.