Huduma ya upimaji wa udongo kwa kiwanja kilicho ukingoni mwa mteremko, Lushoto

Kampuni ninayoieleza hapa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina sifa na lawama juu yake, ilikuja Lushoto kupima kiwanja cha familia yetu kilicho juu ya mteremko mkali, kabla hatujachimba msingi. Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa kiwango cha juu. Namna walivyotuletea majibu haikuwa hivyo.

Mhandisi hakuanzia kiwanjani. Alishuka kwanza hadi chini, akatazama kama kuna mtu aliyechimba udongo wa matofali au kuchonga njia pale, kwa sababu mteremko uliokatwa chini huweza kuporomoka hata kama juu hakijaguswa kitu. Alipanda akichunguza miti iliyopinda mashina, nyufa za ardhini zilizo sambamba na ukingo, na sehemu zinazochuruzika maji hata kiangazi. Mashimo ya majaribio ndiyo yaliyofichua tatizo kubwa: upande wa mbele, wenye mandhari nzuri kuliko pote, ulikuwa kifusi kilichomwagwa na mmiliki wa zamani ili apate eneo tambarare. Msingi ukikaa nusu juu ya udongo wa asili na nusu juu ya kifusi, nyumba huzama upande mmoja na kuta hupasuka.

Kwa umbali kutoka ukingoni alitumia kipimo cha kanuni za ujenzi zinazofuatwa sana Marekani, yaani theluthi ya kimo cha mteremko, bila kulazimika kuzidi mita 12. Kimo cha mteremko wetu ni mita 18, kwa hiyo kipimo hicho kilitoa mita 6, naye akaongeza nyingine kwa ajili ya kile kifusi.

Muda mwingi zaidi aliutumia kwenye suala la maji, na nadhani hapo ndipo alipostahili malipo yake. Mvua za masika zikilowesha udongo huuongezea uzito na wakati huohuo huupunguzia nguvu ya kushikamana, hivyo alitaka maji ya paa yaingie kwenye gata na kushushwa kwa bomba hadi chini kabisa, mtaro uchimbwe upande wa juu wa nyumba, na ukuta wa kuzuia udongo uwekewe kokoto nyuma pamoja na matundu ya kutolea maji. Fundi wetu alikuwa amepanga shimo la maji taka ukingoni, eti maji yajiendee yenyewe, likahamishwa. Ukingo ulipandwa majani ya Guatemala, ambayo wakulima wa huku wameyatumia miaka mingi kushikilia matuta.

Lawama zangu ni hizi. Ripoti ilifika masika yameshaanza, ikiwa ya Kiingereza kitupu, bila mchoro ambao fundi angeweza kuufuata. Ilizungumzia mteremko ulio chini yetu na kuunyamazia mlima ulio juu, ingawa wakazi wa Katesh walioshukiwa na tope la Mlima Hanang mwezi Desemba 2023 walikuwa chini ya mlima, si ukingoni.

Anayetafuta huduma ya namna hii athibitishe usajili wa mhandisi kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kisha adai mkataba unaomlazimu kurudi kukagua mitaro ya msingi kabla zege halijamwagwa. Sisi ziara hiyo tuliilipia kando.