Raspberry Pi 4 kama maktaba ya nyumbani Dar: bodi haina neno, balaa liko kwenye chaja na kadi

Mwaka 1991 Mark Weiser wa maabara ya Xerox PARC, California, aliandika kwamba kompyuta itakuwa imekomaa siku watu watakapoitumia bila kuiona. Mita ya LUKU ukutani imeshafika huko: unabonyeza tarakimu 20, taa zinawaka, na hakuna anayesema ametumia kompyuta. Kwa kipimo hicho hicho tunaipima Raspberry Pi 4, kompyuta ya bodi moja ya milimita 85 kwa 56 inayoweza kukaa nyuma ya TV na kuwagawia watoto masomo kwa Wi-Fi bila bando. Je, nyumba ya Dar inaweza kuisahau?

Inaweza, ila si kwa namna inavyouzwa. Bodi yenyewe ni imara. Vitakavyokukumbusha kila wiki kwamba ipo ni umeme, kadi ya memori na tabia ya simu za watoto, na huko ndiko pesa iende.

Chukua toleo la RAM ya GB 2. Kolibri, programu ya bure ya masomo ya shirika la Learning Equality iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti, inaridhika na kiasi hicho kwa familia au kikundi kidogo cha tuisheni, kwa sababu vidio inatumwa kwenye simu kama ilivyo, bodi haiichakati. Muuzaji atakusukumia ya GB 8. Mwachie. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, ina kasi zaidi lakini inataka chaja ya volti 5 ampea 5, ambayo si ya kuokota duka lolote. Zero 2 W ni rahisi na ndogo, ila RAM yake ya MB 512 inatosha tu kusomesha Wikipedia kupitia Kiwix, programu ya kuifungua bila intaneti. Ukiiwekea Kolibri na watoto wanne wakaingia pamoja, inakwama.

Sasa chaja. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3 kupitia USB-C. Mtu anaona chaja ya simu imeandikwa wati 33 anadhani amepata nguvu ya ziada. Hapana. Chaja hizo zinapata wati nyingi kwa kupandisha volti hadi 9 au zaidi baada ya kukubaliana na simu, na Pi haikubaliani na chaja juu ya kitu chochote. Inapewa volti 5 tu, mara nyingi kwa ampea 2. Ongeza waya mwembamba wa mita mbili, volti inayofika kwenye bodi inashuka chini ya 4.63, bodi inapunguza kasi, na vidio zinaanza kugugumia. Watu wanalaumu Wi-Fi. Kabla ya kulaumu chochote andika kwenye dirisha la amri la bodi:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 ni salama. 0x50005 maana yake umeme haukidhi sasa hivi na kasi imepunguzwa. 0x50000 maana yake yalitokea tangu bodi iwashwe ingawa sasa yametulia. Chaja rasmi ya Raspberry Pi ya pini tatu za Uingereza inaingia kwenye soketi zetu moja kwa moja. Ile ya pini mbili inahitaji adapta, na adapta ikilegea bodi inazimika kila mara mtu anapopiga deki karibu nayo.

Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, mafaili ya kadi yanaharibika. Watu wengi hukimbilia pawabenki. Kwa hesabu si wazo baya: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, toa upotevu zinabaki kama 60, na bodi inayokula wati 4 hadi 5 itakaa saa 12 au zaidi. Tatizo ni kwamba pawabenki nyingi, umeme unapokatika au kurudi, hukata mkondo kwa kufumba na kufumbua, na kwa Pi huko ni kuzimika. Jaribu kabla ya kulipa: chomeka pawabenki ukutani, bodi kwenye pawabenki, kisha chomoa na kurudisha plagi ya ukutani mara kumi. Ikijiwasha upya hata mara moja, haifai. Kifaa cha kazi hii ni UPS (betri ya akiba) ndogo ya DC, ile inayouzwa kwa ajili ya ruta. Chagua yenye tundu la volti 5 ampea 3, kwa sababu nyingi zina ampea 2 tu upande wa USB.

Gharama ya LUKU isikutishe. Wati 4 usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 3 hivi. Hata anayelipa shilingi 350 na ushee kwa uniti, ni kama elfu moja kwa mwezi.

Kadi ya memori ndipo wengi wanapoumia. Kariakoo utapata kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya kuchekesha, na simu au kompyuta itakubali kwamba ni GB 128, kwa sababu ndani imeprogramiwa kudanganya. Uwezo wake halisi unaweza kuwa GB 8. Mafaili ya mwanzo yanaingia vizuri. Ukipita kikomo, mapya yanafuta ya zamani au yanapotea kimya kimya. Unapakua masomo wiki nzima, siku ya pili bodi haiwaki. Ipime kadi kwenye kompyuta kabla hujaiwekea chochote: kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux kuna f3write ikifuatiwa na f3read. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kilichoandikwa. Kadi kubwa inachukua saa kadhaa, kwa hiyo patana na muuzaji mapema kwamba ikifeli utairudisha, na tunza risiti. Tafuta alama ya A1 au A2, inayohusu kasi ya kusoma vipande vidogo vidogo. Tarakimu kubwa ya MB kwa sekunde kwenye paketi ni habari ya kamera.

Kuisimamisha ni kazi ya jioni moja. Tumia Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika mfumo kwenye kadi, chagua Raspberry Pi OS Lite ya biti 64, na kwenye mipangilio weka jina la mtumiaji, nywila, SSH (njia ya kuiamrisha bodi kutoka kompyuta nyingine), na nchi ya Wi-Fi iwe TZ. Ukiruka hapo kwenye nchi, Wi-Fi inabaki imefungwa na utapoteza saa nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo. Unganisha bodi na ruta kwa waya wa mtandao, sakinisha Kolibri, ifungue kwa kivinjari kwenye mlango 8080 (anwani ya bodi ikifuatiwa na :8080), kisha pakua chaneli, yaani vifurushi vya masomo. Ukubwa wa kila chaneli unaonekana kabla ya kuagiza, na unaweza kuchagua mada moja moja badala ya kubeba mzigo wote. Kama bando ni la kubana, mtu mwenye Kolibri tayari anaweza kukumiminia chaneli kwenye flashi, ukaziingiza bila intaneti.

Masomo yakishaingia, geuza bodi iwe kituo cha Wi-Fi:

sudo nmcli device wifi hotspot ssid Maktaba band bg password nywila-yako

sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. Bila huo, umeme ukirudi bodi inawaka lakini Wi-Fi ya Maktaba haionekani. Baada ya hapo simu zinafungua 10.42.0.1:8080. Andika anwani hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani.

Halafu kuna ujanja wa Android. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, inauliza kama ubaki. Mtoto asipojibu, au akijibu hapana, simu inarudi kwenye data na ukurasa haufunguki. Mbaya zaidi, programu nyingine za simu zinaendelea kula bando huku mzazi akiamini nyumba inasoma bure. Dawa: zima data kabisa, unganisha Maktaba, kubali kubaki. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalowafanya watu waseme kisanduku kimekufa wakati kizima. Antena ya ndani nayo ina kikomo. Simu saba nane zinakwenda vizuri. Darasa likizidi hapo, waya wa mtandao uende kwenye ruta ya kawaida na simu ziunganishwe huko.

Yaliyomo ni mchanganyiko. Chaneli ya Khan Academy ya Kiswahili ina hesabu nzuri kwa msingi, na African Storybook ina hadithi za Kiswahili zinazosomeka hata kwenye kioo kidogo. Kwa sekondari, ambako lugha ni Kiingereza, kuna masomo ya CK-12 na majaribio ya kuigiza ya PhET: mwanafunzi anabadilisha ukinzani kwenye saketi na kuona balbu inavyofifia. Ila mpangilio wa Khan Academy si wa mtaala wetu. Mwalimu au mzazi lazima aingie kama kocha, afungue darasa, achague mada na kuzipanga kuwa somo. Ukiwaachia watoto chaneli nzima watatazama vidio tatu za kwanza na kuondoka. Kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma, kisanduku hiki si chake. Anahitaji kishikwambi chenye programu inayomsemesha, kama onebillion na KitKit School, washindi wa pamoja wa Global Learning XPRIZE mwaka 2019, ambazo zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya mkoa wa Tanga.

Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa usiku mzima na isipate intaneti, inaamka ikiamini bado ni jana, na kumbukumbu za maendeleo za Kolibri zinachanganyika tarehe. Moduli ya saa yenye betri, DS3231, inamaliza hilo: pini 1 kwa volti 3.3, 3 kwa data (SDA), 5 kwa mapigo ya saa (SCL), 9 kwa ardhi, kisha mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt.

Joto? Ikifika nyuzi 80 bodi hujipunguza kasi yenyewe. Kava la plastiki lililofungwa pande zote halifai Januari na Februari. Kava la alumini bila feni linapoza kimya, ingawa linaweza kubana Wi-Fi kidogo. Feni za bei rahisi huvuta vumbi, na kwa nyumba za pwani kama Kunduchi au Kigamboni huvuta na hewa ya chumvi juu ya viungo vya bodi.

Wi-Fi ya Maktaba ikishasimama, inabeba zaidi ya vitabu. Kinachostahili kuongezwa kwanza ni kihisio cha simtanki, maana mgao wa maji unahusu kila mtu nyumbani. ESP32, bodi ndogo yenye Wi-Fi, ikiwekewa programu ya ESPHome inaweza kuonyesha kina cha maji kwenye ukurasa wake yenyewe, bila kuielemea Pi. Chukua kihisio cha JSN-SR04T kisichopitisha maji, kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti. HC-SR04 ya kawaida itaoza kwa mvuke. Kifunge angalau sm 25 juu ya kiwango cha tanki kujaa, kwa sababu karibu zaidi ya hapo hakioni kitu. Kikipewa volti 5, waya wake wa echo hurudisha volti 5, wakati pini za ESP32 ni za 3.3, kwa hiyo weka vikinza viwili vya kugawa volti. Vipimo vikianza kurukaruka asubuhi, panda ufute matone kwenye uso wa kihisio.

Na hapo hesabu ya mche duara inatoka daftarini. Mtoto apime mzingo wa tanki kwa utepe wa kupimia, kwenye bonde kati ya matuta, si juu ya tuta. Mzingo wa sm 345 unatoa nusu kipenyo cha karibu sm 55, na kila sm 10 za kina ni lita 95 hivi. Ndoo ya lita 20 inashusha maji sm 2 na kidogo. Kwenye kuba la juu hesabu haishiki, na kueleza kwa nini haishiki ni swali zuri kuliko mengi yaliyomo kwenye jaribio la Kolibri.

Kwa shule yenye wanafunzi 40 kwa mkupuo, usinunue Pi. Kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, mfano Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny, yenye SSD, itawahimili vizuri zaidi na haijui habari za kadi feki. Inakula umeme mara kadhaa zaidi na inahitaji UPS ya kawaida.

Atakayebaki na Pi anunue kadi mbili zinazolingana, azipime zote. Kila mwisho wa muhula izime kwa sudo poweroff, ngoja taa ya kijani itulie, nakili kadi ya kazi kwenye ya pili, na ya pili uibandike kwa gundi ya karatasi chini ya kava.