Saveya (mpima ardhi) kwanza, pesa baadaye: huduma ya kufungua mipaka, yaani kutafuta mawe ya kona za ploti, Seeta (nyota 4 kati ya 5)

Jamani kama unataka kununua ploti ya biashara huku Uganda, soma hii kabla hujatoa hata shilingi moja. Mimi na shemeji tulikuwa tunatafuta mahali pa godauni, tukapata ploti Seeta njia ya kwenda Jinja, taito (hati) ya mailo, yaani ardhi ya kumiliki moja kwa moja bila muda kuisha, broka (dalali) anasema ni desimali 50 yaani nusu eka, fensi imezunguka vizuri kabisa na muuzaji ni mzee mpole mwenye heshima zake. Tukafanya sachi, yaani kuangalia rekodi za taito ofisi ya ardhi, jina likatoka lake, kaveti (zuio la mtu anayedai ardhi) hakuna, mkopo wa benki hakuna. Shemeji akataka tulipe siku hiyo hiyo. Nikamwambia shem ngoja, sachi inatuonyesha mwenye karatasi ni nani, haituonyeshi hiyo karatasi imelala wapi pale chini.

Broka alikuwa na saveya wake tayari, nikakataa. Saveya awe wako, umlipe wewe, na umuulize kama amesajiliwa na bodi ya masaveya, asiyesajiliwa ripoti yake haina uzito ukifika mahakamani. Hawa tuliowachukua (jina sitaweka, mtaona kwa nini) walianzia ofisi ya ardhi Mukono kuchukua ramani na namba za kona zote, halafu wakaomba mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) na majirani wote wawepo siku ya kupima. Hapo nikaona hawa wanajua kazi.

Kijana mmoja akanifundisha kitu ambacho sikukijua. Vipimo vya zamani vya Uganda viko kwenye mfumo unaitwa Arc 1960 na GPS ya simu inatumia mwingine, sasa ukichukua namba za ramani ukaziingiza kwenye simu hivi hivi bila kubadilisha unaweza kusimama zaidi ya mita 200 kutoka ploti yako na ukaamini uko kwako! Nawaza wangapi wameonyeshwa ploti kwa simu ya broka.

Kona ya kwanza walichimba chini ya mihogo, jembe likagonga, jiwe la simenti lile lenye chuma katikati, liko palepale. Ya pili sawa. Ya tatu mashine ikatupeleka mpaka ndani ya gereji ya jirani, na jiwe lipo kweli, jeusi kwa oili, mafundi wameweka jeki juu yake. Mwenye gereji akasema fensi ameikuta hivyo alipokuja, na mimi namwamini, hakuwa na ubishi wa mwizi. Lakini ndani ya fensi kulikuwa na desimali 43 tu. Hizo 7 tungezilipia na kila siku tunaziona upande wa pili.

La kona ya nne ndilo lilinishtua zaidi maana hakuna ramani ingelionyesha. Kona ya nyuma kuna mama ana nyumba ya matofali na migomba, anasema kibanja (kipande anachokaa mpangaji juu ya ardhi yenye taito ya mtu mwingine) ni cha marehemu baba yake na risiti za busuulu, kodi ya mwaka kwa mwenye taito, anazo. Muuzaji hakututajia hata mara moja. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1998 huyo mama huwezi kumtoa eti kwa sababu umenunua taito, unanunua ardhi yeye akiwa juu yake, na mwenye taito akitaka kuuza anatakiwa ampe yeye nafasi ya kwanza. Saveya alimpima na kumweka kwenye ripoti, nampa sifa zote kwa hilo, wengine wangepita tu.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ripoti waliahidi siku tano ikaja baada ya wiki tatu, simu hazipokelewi, halafu wakaongeza pesa ya usafiri ambayo hatukukubaliana. Hiyo si haki, bei yote iandikwe mwanzo.

Ila ripoti yenyewe ilikuwa nzuri, ina muhuri, saini ya LC1 na majirani. Loya wetu aliiweka mezani mbele ya mzee, mzee akanyamaza muda mrefu halafu akasema tuhesabu upya. Tukahesabu kwa 43, na sasa anakaa na yule mama kwanza kuhusu kibanja. Pesa bado iko kwetu.