Neti ya mtoto ya kukunja, nimeitumia miezi mitatu ziwani na mtoto na mbwa wawili

Wenye mtoto mchanga na mbwa nyumbani hii ni yenu. Nipo Kigoma, Mwanga, nina mtoto wa kiume saivi ana miezi 8 na mbwa wawili, Simba na Chui, na kabla mtoto hajaja kila wikiendi tulikuwa tunashuka ziwani upande wa Katonga tunakaa mpaka jua linazama kule nyuma ya milima ya Kongo. Alipozaliwa ikaisha. Mvua za huku zinaanza mwezi wa kumi mpaka wa tano, basi nilikaa ndani tu na mbwa wanalia getini. Mei mvua zilipokatika, majani bado mabichi na vumbi halijaanza, nikasema hapana, nikanunua hii neti.

Ni ile yenye kigodoro chembamba chini, juu ina waya mbili zimepinda kama upinde, zipu inazunguka, ukimaliza unaikunja katikati kama kitabu unaitia kwenye mfuko wake. Nimenunua sokoni Mwanga 25,000/=, alianzia 35,000 tukavutana. Ipo na ile ya mwavuli isiyo na sakafu, ya kufunika tu, 15,000/=, hiyo kwa kutoka nayo sishauri kabisa, ya ndani sawa. Shoga yangu alikuja nayo siku moja, upepo wa ziwa ulipoanza saa saba mchana ukaiinua ikaenda inabingirika mpaka majini, bahati mtoto alikuwa ananyonya.

Muuzaji aliniuzia habari ya mbu tu, mbu, mbu. Lakini kilichonifanya niipende ni kingine, ni kwamba sasa nina pa kumweka mtoto chini nikabaki na mikono miwili. Mbeleko ninaitumia na sitaiacha, ila mtoto mgongoni na mbwa mwenye nguvu kwenye kamba ni hatari jamani, akivuta ghafla mnaenda chini wote wawili.

Jumamosi ya kwanza kabisa neti ilikuwa bado kwenye mfuko, tunapita walipoanika dagaa, mtoto mgongoni, Chui akachomoka na kamba yake akaingia katikati ya dagaa, anakula anakanyaga, mimi nimesimama siwezi hata kukimbia, baba mtoto yuko nyuma na Simba na mizigo. Mama mwenye dagaa akaja na fimbo, analia kabisa, ananiambia dada hii ndo ada ya mtoto wangu. Alikuwa na haki asilimia mia. Tukamlipa fungu lote lililoharibika, tukamwomba radhi, na mpaka leo tukipita namsalimia kwanza, mwakeye mama, na kamba nimeikunja mara mbili mkononi. Toka siku hiyo utaratibu umebadilika, mbwa hawashuki kwenye gari mpaka neti imefunguliwa na mtoto yuko ndani, baba yake amekaa pembeni, halafu mimi ndo nawapeleka mbwa majini mbali na watu na mbali na dagaa. Na tuheshimiane, huku Waislamu ni wengi, mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu ana kanzu yake safi anapita usimlegezee mbwa kamba eti hang'ati. Shida yake siyo kung'atwa.

Mbwa akitoka majini lazima ajikung'ute, na anapenda kuja kujikung'uta hapo hapo mlipo. Neti inazuia mchanga na ule ulimi wa Chui ambao ukimwacha utafika usoni kwa mtoto. Simba yeye analala chini pembeni ya neti hasogei. Lakini simwachi mtoto na mbwa peke yao hata dakika, hata huyo Simba niliyemlea toka ana wiki sita. Na wote wamechanjwa kichaa cha mbwa, kila mwaka narudia, wanapewa dawa ya minyoo, na kabla ya kupanda gari kurudi nawapapasa masikioni na katikati ya vidole kutafuta kupe.

Sasa mabaya yake. Joto! Hapa naomba msome vizuri maana niliogopa sana. Wiki ya pili kivuli kilihama, jua likaanza kumpiga, nikachukua kanga nikafunika juu ya neti nikaona nimefanya la maana. Dakika kumi baadaye naingiza mkono ndani, moto kama gari lililofungwa vioo, nywele zimeganda kichwani kwa jasho, shingo nyekundu na mwenyewe kalala kimya. Nikamtoa nikamvua nikamnyonyesha, akakaa sawa, ila ule ukimya wake nauota mpaka leo. Usifunike kanga juu ya neti, hewa inakata. Tafuta mwembe wenye kivuli kizito, kivuli kikihama na wewe hama, au funga kanga juu kabisa kwenye tawi iache nafasi upepo upite katikati.

Kile kimto kinachokuja nayo nimekitoa siku ya kwanza, mtoto wa umri huu hahitaji mto, unaweza kumziba pua. Kigodoro nacho ni chembamba mno, kokoto zote anazisikia, natandika blanketi chini ya neti, siyo ndani. Halafu pembe nne weka mawe ya kushikilia, kwa nje.

Zipu iligoma wiki ya tatu, mchanga umeingia kwenye meno, nikaivuta kwa nguvu karibu niing'oe. Nikakung'uta kwa mswaki wa zamani nikapaka mshumaa, ikateleza, sasa kila wikiendi nafanya hivyo. Chui pia aliitoboa kwa kucha, tundu linapita harage, fundi cherehani kaliziba kwa 1,000/=. Kitambaa chenyewe siyo kigumu, mwenye mbwa ajue hilo.

Na kuhusu hao mbu, hii neti haina dawa. Mtoto akiegemeza mkono kwenye kitambaa mbu anamuuma kwa nje kama hakuna kitu, nimeona alama kiwikoni. Nyumbani usiku analala kwenye ile yenye dawa tuliyopewa kliniki, ile siibadilishi na hii hata siku moja, mbu wa malaria wanauma zaidi usiku na sisi saa kumi na mbili tunakuwa tumeshafunga mizigo.

Usafiri, bajaji wanakataa mbwa wawili na siwalaumu. Tunakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, 20,000/= kwenda na kurudi, mbwa nyuma na baba yao, mimi na mtoto mbele, neti ikikunjwa inakaa miguuni. Majini mtoto simwingizi, hasa kwenye matete na maji yaliyotulia maana konokono wa kichocho ndo wanapenda hapo. Na wanaoniuliza kama tunaweza kupanda boti Kibirizi twende Gombe wote, hapana, ile ni hifadhi ya taifa mbwa haingii, na watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, mafua yetu tu yanaweza kuwaua wale.

Kwa 25,000/= naipa nne kati ya tano, hiyo moja imeondoka na zipu na kigodoro. Kwa sasa akijinyoosha miguu inagusa zipu, na juzi kaanza kushika zile waya anataka kusimama, kwa hiyo naona mwezi mmoja mwingine basi. Halafu nitaifua, mdogo wangu yupo Kasulu anajifungua mwezi wa kumi na yeye ana mbwa, nampelekea na kipande cha mshumaa ndani ya mfuko.