Walimcheka baba yangu mbele ya mainjinia

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, kwa hivyo naandika hivyo hivyo.

Ilikuwa Ijumaa moja, mwezi uliopita au ule wa kabla yake, jioni ya mainjinia kuonja mvinyo pale Westlands, Nairobi. Kila injinia aliruhusiwa kuja na mgeni mmoja. Wenzangu wengi walikuja na wake au waume zao. Mimi nilimleta baba. Baba hana digrii. Alikuwa fundi wakati bwawa la Ndakaini linajengwa, lile linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, na mimi nilisomea ujenzi kwa sababu alikuwa akirudi nyumbani na matope kwenye buti akinieleza jinsi maji yanavyosukuma ukuta. Nililipa shilingi 9,000 za watu wawili bila kusita. Baba alivaa koti analovaa akienda kwa mambo ya mahari.

Ukumbi, chakula, muziki, hayo sina neno nayo.

Meza ya kwanza ilikuwa na kijana wa aproni nyeusi. Alijua kazi yake, siwezi kumnyima hilo. Alitumiminia Pinotage, akasema ni zabibu iliyozaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, pale Abraham Perold alipochanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut. Akaeleza kwamba mvinyo mwekundu hupata rangi yake kwenye maganda, na ukakasi ule unaoshika ulimi hutoka hukohuko kwenye maganda na mbegu. Baba alisikiliza neno kwa neno. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa: “Kijana, hamira yake mnaitoa wapi? Mnaitia, au zabibu zinajichachua zenyewe?”

Yule kijana alitazama meza ya pili kwanza, kuona kama kuna anayesikia. Ndipo akasema, “Mzee, hii si pombe ya muratina ya kijijini. Wewe onja tu, binti yako atakueleza.”

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Injinia mmoja ninayemheshimu aliinamia simu yake. Na baba, ambaye alikuwa amepiga funda moja tu, akatoa leso mfukoni, akafuta ukingo wa glasi pale midomo yake ilipogusa, akairudisha mezani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Sijui kama mnaelewa lile swali lilikuwa na uzito gani. Mzee wangu amechachua muratina tangu kabla sijazaliwa. Lile tunda refu la mwegea hupasuliwa, likachemshwa kuondoa uchungu, likaanikwa juani, halafu likatiwa kwenye maji ya asali na chombo kikawekwa karibu na moto. Nyuzi za tunda ndizo zinazobeba hamira. Ukilitoa ukalikausha, unalitumia tena mwaka ujao. Mtu wa namna hiyo akiuliza hamira ya mvinyo inatoka wapi, ameuliza kiini cha kazi yenyewe! Katika ukumbi mzima wa watu waliosoma kemia na fizikia, hakuna mwingine aliyeuliza. Sote tulikuwa tunazungusha glasi.

Nilitaka tuondoke saa ile ile. Baba akakataa, akasema tumekwisha lipa.

Hapa sasa lazima niseme ukweli, maana nilikuwa nimeapa kuandika mabaya matupu. Meza ya tatu kulikuwa na dada mmoja. Baba hakutaka kuuliza tena, nikamuulizia mimi. Yule dada akaweka chupa chini, akavuta kiti, akaketi akimtazama baba, si mimi. Akasema kuna hamira inayoishi kwenye maganda ya zabibu na ndani ya ghala la kutengenezea mvinyo, na watengenezaji wengine huiacha ianze kazi yenyewe. Wengi lakini hutia hamira iliyochaguliwa, ili pipa la mwaka huu lisije likaharibika au likawa na ladha wasiyoitarajia. Kisha akamuuliza, “Na muratina, baba, unajuaje imeiva?” Baba akamjibu kwamba unasikiliza: ikiwa bado inavuma, iache. Mainjinia wanne wakasogea. Mmoja, wa kiwanda cha maziwa, akauliza chombo kinakaa umbali gani na moto. “Pale mkono unapoota joto bila kuungua,” baba akasema, na nikamwona anaandika.

Chenin Blanc niliyoonja mezani pale ilikuwa nzuri kuliko mvinyo wowote niliowahi kunywa Nairobi. Kwa meza ile peke yake ningewapa alama zote.

Lakini siwapi. Nililalamika kabla ya kuondoka, mwandaaji akaniambia kijana “alikuwa anachangamsha watu tu.” Kuchangamsha watu kwa kumwaibisha mzee wa miaka sabini na kitu! Baadaye wakanitumia ujumbe wa pole pamoja na tiketi mbili za bure. Wameniomba msamaha mimi. Baba hawajamwambia neno.

Nilikuwa nimeamua kuzikataa. Jana baba amepiga simu akiuliza jioni nyingine ni lini, kwa sababu amemwahidi yule dada kumletea tunda moja la mwegea lililokaushwa, na tayari ameshalifunga kwenye gazeti. Basi huenda tukaenda. Tutaketi meza ya tatu tangu mwanzo hadi mwisho, na yule wa aproni nyeusi asitukaribie kabla hajamwendea mzee na kumwomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe.