PM2.5: kichujio au mashine ya papo kwa papo?
Nchini Marekani, mtandao wa kupima kemia ya PM2.5 (chembe laini za hewani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5) hutumia vichujio vya aina tatu: teflon kwa elementi kama risasi, nailoni kwa salfeti na naitreti, kwazi (quartz) kwa kaboni. Hewa hupitishwa humo saa 24, siku moja kati ya tatu au sita, kisha vinapelekwa maabara. Moshi wa asubuhi na wa usiku huchanganyika. Saa za foleni za magari hazionekani, na hilo linaniuma.

Mashine ya ACSM, inayopima kemia ya chembe za hewani papo hapo, hugeuza chembe kuwa mvuke kwa joto la nyuzi 600 hivi na kutoa majibu kila nusu saa. Lakini masizi, vumbi la udongo na metali nyingi haizipimi.

Mji wenye fedha za chaguo moja ningeushauri uanze na kichujio. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, lazima ionekane.