Nimeendesha advencha ya mtoto mwenye pepo hapa Tanga, uzoefu wangu

Naanza na hela maana najua ndo swali la kwanza la kila mtu. Hii advencha, yaani kisa kilichoandikwa tayari cha mchezo wa kuigiza wa mezani, ni PDF, kurasa hazifiki arobaini, nimeilipia dola kumi na ushee kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, afu kuiprinti kwenye steshenari ya Ngamiani ikala karibu hela hiyo hiyo tena kwa sababu kila ukurasa ni mweusi tii na maandishi meupe, jamaa wa mashine alikuwa anaangalia wino wake unavyoisha anaguna tu. Jina la advencha sitaji, na ni makusudi. Nataka kutoboa siri zake zote hapa na kuna meza nyingine, yaani kundi lingine la wachezaji, hapa mjini inajiandaa kuicheza, sasa wakisoma wasiwe na uhakika kama ndo yenyewe.

Kwa wageni wa hii michezo: ni mchezo wa kuigiza wa mezani, mmoja anakuwa GM, yaani mwendesha mchezo, anaeleza dunia na watu wake wote, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa halina uhakika dadu la pande 20 linaamua. Ukoo mzima umeanzia kwenye Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974, na hii advencha inatumia sheria za toleo la tano ambazo zile za msingi unazipata bure mtandaoni, kwa hiyo usitishwe na bei za vitabu vikubwa. Dadu nazo kama huna, kuna programu za simu, ingawa mi naona raha ya dadu ni kulisikia linagonga meza.

Stori iko hivi. Kijiji cha milimani huko kwenye dunia ya kubuni, theluji imeziba njia, mtoto wa kike wa msaga nafaka ana miaka saba na amepagawa. Padri alijaribu kumtoa pepo, padri sasa yuko kaburini. Nusu ya kijiji wanataka mtoto achomwe moto kabla mambo hayajasambaa, nusu nyingine wanajifungia ndani, na wahusika wenu ndo wageni pekee waliokwama pale. Mna siku sita. Theluji hapa hatujaiona hata mmoja wetu, labda ile ya Kilimanjaro kwa mbali, kwa hiyo nikawaambia chukueni baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba muizidishe mara kumi, wakanielewa.

Kitu ambacho mwandishi kakipatia sana ni ngazi za yule pepo. Kila usiku anapanda ngazi moja, mfanye msifanye. Usiku wa kwanza mtoto anakataa mkate anaomba chumvi. Wa pili anawaita wahusika kwa majina ambayo hawajamtajia mtu pale kijijini. Wa tatu anaanza kutoa siri za watu, wa nne anaongea kwa sauti za marehemu wenu, wa tano kivuli chake kinachelewa kumfuata, wa sita hamna tena mtoto pale. Hakuna vita hapo, hamna kitu cha kukata na upanga, ni kukaa tu mnajua kesho itakuwa mbaya zaidi. Na kila usiku, katikati ya vitisho vyote hivyo, mtoto anapewa dakika chache za kuwa yeye mwenyewe. Anauliza paka wake kala? Anauliza theluji imeacha? Afu anapotea tena. Mimi nasema hizo dakika ndo zimeibeba advencha nzima, meza yangu ina jamaa ambaye kwenye kila mchezo anawaza hazina na dhahabu tu, safari hii akatumia hela zake zote za mchezo kumtafutia yule paka.

Upande wa sheria nako kuna akili. Wahusika ni wa levo ya tatu, na hapo ndo utamu ulipo kwa sababu ile spelli (uchawi wa kwenye mchezo) ya kumng'oa kiumbe wa namna hii moja kwa moja iko ngazi ya tano ya spelli, na kleriki, yule mhusika wa aina ya kasisi, haipati mpaka afike levo ya tisa. Ule uwezo wa kleriki wa kutimua wafu wanaotembea nao haugusi kitu, huyu siyo mfu, ni shetani, na kleriki wetu aliutumia kwa mbwembwe zote halafu mtoto akacheka. Kinachobaki ni ile spelli ndogo ya kinga, ambayo kama mtu ameshapagawa inampa nafasi nzuri zaidi ya kupambana kwa ndani, ila kila ukiitumia inakula maji matakatifu au unga wa fedha na chuma. Chupa moja ya hayo maji kwenye kitabu cha sheria ni vipande 25 vya dhahabu na padri kaacha chupa mbili tu. Basi kila chupa ikitaka kufunguliwa mezani panakuwa bunge.

Kuna tundu moja ambalo wachezaji wajanja wataliona mapema. Mzimu wa kwenye kitabu cha sheria akiwa ndani ya mwili wa mtu, mwili ukifika sifuri ya pointi za uhai anatoka, na mtu wa kawaida ana pointi 4 tu, halafu sheria za toleo la tano za mwaka 2014 zinakuruhusu ukimpiga mtu kwa silaha ya mkononi mpaka sifuri uchague azimie badala ya kufa. Yaani kwa hesabu hiyo unampiga mtoto kofi moja la maana, anazimia, pepo nje, mnaenda kula. Kijana wetu fundi simu aliliona hilo usiku wa pili na akalifanya kweli, meza nzima ikanyamaza. Kumbe mwandishi alishamsubiri hapo hapo: pepo akitolewa kwa kipigo anaruka kwa aliye karibu mwenye huzuni kubwa kuliko wote, na kila anaporuka anapanda ngazi moja zaidi. Akaruka kwa mama wa mtoto. Sasa mkawa na mama mwenye pepo, mtoto aliyezimia, na siku moja imeliwa bure mpaka pepo amrudie mtoto. Nampa maua yake mwandishi, sijaona advencha nyingine iliyoziba hilo tundu vizuri namna hii.

Ila kilichonifanya nikae niandike ni kingine.

Advencha hii imeandikwa kwa mtu ambaye akisikia pepo anawaza kufukuza. Kurasa nyingi ni za kutafuta vya kumtolea: jina lake lililokatwa vipande vitatu, kitu alichokuja nacho, na mtu aliyemwita. Meza yangu haikuwaza hivyo hata kidogo. Usiku wa kwanza tu mtoto kaanza kunguruma, mi nimejiandaa na makaratasi yangu ya vitisho, dada mmoja ambaye bibi yake kule Pangani alikuwa fundi wa ngoma za pepo akaweka dadu chini, akasema kwa upole kabisa, "Karibu mgeni. Umetoka wapi, na unataka nini?"

Ikabidi nipekue kitabu. Huku pwani huo ndo utaratibu hata kwa sisi tusioushiriki, tumekua tunauona: mtu akipandisha pepo, pepo anaulizwa jina, kabila, anataka kitambaa cha rangi gani na sahani yenye nini, anasikilizwa, mnapatana naye atulie, na mara nyingi haondoki jumla, anakuwa mtu wa kutunzwa. Wapo pia wasiotaka kabisa hayo mapatano, wao mgonjwa asomewe Kurani, apewe kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, anywe, yaishe. Na mezani kwangu wote walikuwepo, pamoja na kaka yetu mmoja mlokole wa Chumbageni ambaye kwake yeye ni kukemea tu, hana mazungumzo na shetani hata shetani wa kwenye karatasi. Sasa fikiria hao watu wanagombania mtoto mmoja wa kubuni mpaka kahawa inapoa na kashata zinaliwa na asiyehusika.

Mazungumzo na pepo kwenye kitabu yamepewa nusu ukurasa. Nusu! Na hiyo nusu ndo bora kuliko zote. Hapo ndo unajua kwamba babu wa msaga nafaka aliiba jiwe la kusagia kutoka kwenye pango juu ya mlima, jiwe lilikuwa la pepo, na anachotaka ni jiwe lake. Akirudishiwa anamwachia mtoto. Basi, mwandishi kaishia hapo, kahamia kwenye mbwa mwitu. Bwana wewe, jiwe lenyewe ndo kijiji kizima kinasagia! Ukilirudisha katikati ya baridi wanakula nini? Hilo swali hajaligusa, na wachezaji wangu hawakuuliza kingine zaidi ya hilo. Nikaacha karatasi nikaendesha kwa kichwa.

Walichofanya ni kumwita msaga, wazee wa kijiji na pepo mwenyewe, kikao kimoja, usiku wa nne, pepo anaongea kwa sauti ya marehemu baba wa kleriki maana ngazi ilikuwa imeshafika huko. Yule dada ndo akawa msemaji. Pendekezo lake: jiwe libaki mpaka theluji iyeyuke, mtoto aachiwe leo, na baada ya hapo kila mavuno gunia la kwanza la unga lipelekwe pangoni. Nikamwekea ugumu wa 18, yaani jumla yake ifike hapo, dadu likatoa 15, na bonasi yake ya ushawishi ikamvusha. Mtoto akalala usingizi wa kawaida. Mlokole wetu akasema hajaokolewa huyo, amewekwa rehani, na mpaka leo tukikutana wanabishana. Kitabu chenyewe kwenye ukurasa wa miisho hakina mwisho wa namna hii, kwake bila jina kamili la pepo mtoto anakufa, mi hapo sikumsikiliza.

Mapungufu sasa. Mbwa mwitu wanakuja kupigana mara tatu na hawana maana yoyote, ni kujaza kurasa, toeni mapambano mawili mbakize moja. Pango nalo limeandikwa na mtu ambaye naamini hajawahi kuingia pangoni: vyumba vya mraba, sakafu kavu, hamna popo, hamna harufu. Mi nililitupa nikatumia mapango yetu ya Amboni hapa Tanga kichwani, kuta za chokaa, sehemu unainama mpaka unatambaa, popo wanapita sikioni, mwenye tochi akizima huoni kiganja chako, na yale mahali watu wanapoweka sadaka zao ambapo hata mgeni anashusha sauti bila kuambiwa. Wachezaji wote wameshapita pale na shule, sikuhitaji kueleza sana.

Kubwa zaidi ni ngazi ya tano. Pamoja na kivuli, kuna maelezo marefu ya mtoto anavyokakamaa, macho yanageuka, povu mdomoni. Huko ilikoandikwa labda ni picha ya kutisha tu. Kwetu hicho ni kifafa na degedege, na kila mtu anamjua mtoto aliyezungushwa kwa waganga wakati malaria ilikuwa inampanda kichwani na alitakiwa awe ameshafikishwa hospitali ya Bombo. Mmoja wetu mdogo wake ana kifafa, na watu mtaani wameshasema maneno yao. Tulikuwa na ile kadi ya X aliyoibuni John Stavropoulos, unaigusa na tukio linarukwa bila mtu kuulizwa kwa nini, jamaa akaigusa kabla sijamaliza sentensi ya pili. Tukaruka. Kitabu kinaitaja kadi hiyo kwa mistari miwili, sawa, ila ushauri wangu ni kwamba hiyo aya msiisome kabisa, kivuli kinachochelewa kinatosha na kinatisha zaidi.

Lugha: yote ni Kiingereza cha kizamani chenye sentensi ndefu, ukisema usome huku unatafsiri mbele ya watu watasinzia. Soma mapema, andika pointi zako kwa Kiswahili pembeni. Sauti ya pepo niliifanya kwa Kiswahili cha taratibu sana, cha heshima, na hiyo ndo iliwatisha kuliko kunguruma. Mpaka mama mwenye nyumba tuliyokuwa tunachezea barazani kwake, umeme umekatika tuko na mshumaa, katoka na chetezo cha ubani kapitisha chini ya meza bila kusema neno. Tukamshukuru. Marekani kwenyewe miaka ya 1980 wazazi walikuwa wanaupiga vita huu mchezo kwamba ni ibada ya mashetani, yeye alitufukizia tu akarudi kulala.

Nyota nne kati ya tano kwa ngazi za pepo, kwa mtoto, na kwa ile nusu ukurasa. Inafaa watu watatu hadi watano wazima, watoto msiwaweke. GM anayeanza ataumia nayo kwenye mazungumzo maana hakuna pa kushika. Mimi naiendesha tena na kundi la Pangani, na sasa hivi naandika kurasa zangu mwenyewe za mwaka unaofuata, pale vijana wa kijiji wanapogoma kupandisha gunia la unga mlimani.